Mbona akisema huyu linapita, akisema yule linagoma?

Swali la msomaji

"Mwalimu, salaam. Mimi ni afisa rasilimali watu katika kampuni ya utalii hapa Arusha. Tuna madereva waongoza watalii, mafundi wa gereji, wapishi wa kambi na watu wa ofisini. Mwaka jana mkuu wa madereva, mzee aliyeanza kwa kuosha magari mpaka akafika hapo alipo, alileta sharti kwamba gari lisitembee barabarani baada ya jua kuzama hata kama wageni wana haraka. Lilikuwa sharti gumu, lakini lilipita bila kelele. Mwaka huu meneja mkuu mpya, mtu wa mahesabu kutoka Dar es Salaam, ameleta mambo matatu: posho ya safari ilipwe kwa simu badala ya taslimu, magari yafungwe vifaa vya kuonyesha yalipo, na safari zigawiwe kwa kompyuta badala ya mkuu wa madereva. Naona angalau mawili yana faida kwa madereva wenyewe, lakini hawataki hata kusikia. Wakurugenzi wanasema tumwachie mzee atangaze yeye. Mmoja amependekeza hata tumbadilishe meneja, tuweke 'mtu wa huku huku'. Je, ni kweli tatizo ni nani anayesema, siyo kinachosemwa? Tufanye nini kabla ya msimu wa Juni? Na tukiwapeleka wote Ziwa Duluti siku moja ya michezo, itasaidia?"

Jibu

Dada, la Duluti nitalijibu mwishoni. Nianze na lile la katikati maana ndilo linalobeba mengine. Ndiyo, anayesema ana uzito mkubwa, na mara nyingi uzito huo hutangulia kabla maneno yenyewe hayajapimwa. Ila wakurugenzi wako wameshika nusu ya ukweli huu na kuigeuza dawa, na dawa hiyo inaweza kuwamaliza mzee na meneja kwa mpigo.

Hebu kaa kwenye kiti cha dereva. Ameambiwa posho itaingia kwenye simu. Hajui kama itaingia angali mjini au atakapokuwa ameshapita geti la Loduare la kuingilia Ngorongoro, huko mbele ambako kuna sehemu mtandao haushiki kabisa. Hajui makato ya kutoa pesa atalipa nani, na tangu zile tozo za miamala za mwaka 2021 kila mtu nchini amejifunza kuhesabu makato. Hajui kifaa kitakachofungwa kwenye gari kitasomwa na nani, saa ngapi, kwa nia gani. Hajui kama kompyuta itampa safari ya siku nane ya Serengeti au itamwacha akipeleka na kupokea watu uwanja wa ndege wa KIA msimu mzima. Yote hayo yako mbele na leo hayapimiki. Anachoweza kupima leo ni mtu aliyesimama mbele yake: huyu akipata, na mimi napata? Au akipata yeye mimi ndiyo nimeliwa? Jibu la hapo ndilo linalojaza mapengo yote yaliyobaki. Kwa mzee, pengo hujazwa na imani, "lazima hilo ameshaliwaza." Kwa meneja, pengo lile lile hujazwa na shaka, "kuna kitu hawatuambii." Na karatasi ya tangazo ni moja.

Kwa hiyo usiwaite wabishi. Wanafanya ambacho binadamu yeyote hufanya akikosa taarifa za kutosha.

Jambo hili limechunguzwa kwa zaidi ya nusu karne. Henri Tajfel, Myahudi mzaliwa wa Poland aliyepoteza jamaa zake katika vita kuu ya pili, alikuwa akifundisha saikolojia Bristol, Uingereza. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alichapisha majaribio aliyofanya na wavulana wa shule. Katika mojawapo waligawanywa makundi mawili kwa kisingizio cha michoro waliyoipenda, ya mchoraji Klee au ya mchoraji Kandinsky. Hawakujua nani mwingine yuko kundi gani, wala hakuna aliyekuwa akijigawia mwenyewe. Walipopewa kazi ya kugawa pesa kwa wengine, walipendelea kundi lao. Zaidi ya hapo, mara nyingi walikubali kundi lao lipate pungufu ya ambavyo lingeweza kupata, ilimradi liwapite wale wengine. Kama mchoro wa mtu usiyemjua unatosha kuzaa "sisi" na "wao", fikiria miaka kumi na mitano ya kuchimbua matairi kwenye udongo mweusi wa Ndutu wakati wa mvua.

Wanasaikolojia Michael Hogg na Daan van Knippenberg ndio waliolipeleka wazo hili kwenye uongozi wa kazini. Walichoonyesha wao na wenzao ni kwamba kiongozi anayeonekana kubeba sura ya kundi, yaani tabia, thamani na historia ambazo wanakundi wanazihesabu kuwa zao, huaminiwa kirahisi zaidi na husikilizwa hata anapodai jambo zito. Husamehewa pia. Steffen Giessner na van Knippenberg waliandika mwaka 2008 kwamba kiongozi wa namna hiyo akikosa shabaha aliyoiweka, wafuasi hawamshushi kama wanavyomshusha yule wasiyemwona kuwa wa kwao. Sehemu kubwa ya tafiti hizi zimefanyika Ulaya, Marekani na Australia, nyingi kwa wanafunzi wa vyuo, kwa hiyo usizichukue kama kipimo cha fundi. Lakini hicho unachokiona gereji kwenu kinafanana nazo mno.

Sasa nimjibu yule mkurugenzi wa "mtu wa huku huku", kwa sababu ushauri wake ndio wa hatari kuliko yote na unasikika sana katika ofisi zetu za kaskazini.

Anadhani "mwenzetu" maana yake ni kabila au mahali pa kuzaliwa. Muulize: saa kumi na moja alfajiri pale gereji, magari yakipakiwa maji na mafuta, ni mpaka gani unaoonekana? Si wa Mmeru, Mchagga, Mwarusha na Mwiraqw. Wamo wote humo na wanaazimana jeki. Mpaka unaoonekana ni wa watu wa porini na watu wa ofisini. Wewe mwenyewe katika barua yako umewataja watu wa ofisini kama kundi la peke yake. Mlete meneja mzaliwa wa Usa River anayekaa nyuma ya kioo na kutuma matangazo kwenye grupu la WhatsApp, atakuwa mgeni vile vile. Na ubaya wa ziada ni huu: mkimweka kwa sababu ya kabila, mtakuwa mmewafundisha madereva mpaka ambao hawakuwa wakiutumia kazini. Kesho safari nzuri ikienda kwa fulani, wataanza kuuliza jina lake la ukoo. Mimi ningemkatalia wazi, na kwa maandishi.

Kisa cha mpaka kubadilika ninachopenda kuwapa wanafunzi kimetokea Moshi. Mwaka 1925 wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro waliunda chama chao, KNPA, kutetea kilimo chao cha kahawa ambacho walowezi hawakukifurahia. Serikali ya kikoloni haikupendezwa na chama hicho kilivyoanza kuwa na sauti, na mahali pake kikaja chama kikuu cha ushirika, KNCU, kilichoandikishwa mwaka 1933. Kazi kwa sehemu kubwa ilikuwa ile ile: kukusanya kahawa na kuiuza kwa pamoja. Lakini safari hii nyuma ya chama walionekana serikali, meneja Mzungu na machifu, na mkulima akabanwa auzie humo tu. Bei zilipokuwa mbaya, mwaka 1937 wakulima wenye hasira walivamia baadhi ya maghala ya chama. Sisemi bei haikuhusika. Ilihusika sana, na mtu yeyote anayekwambia kwamba upinzani wote ni mambo ya utambulisho anakuuzia semina. Ila bei hushuka pia katika chama ambacho watu wanakihesabu kuwa chao, na hapo huitana kwenye mkutano kabla ya kwenda ghalani. Halafu tazama kilichofuata: chama hicho hicho, miaka ishirini baadaye, kilikuwa fahari ya mlima mzima. Jina halikubadilika. Kilichobadilika ni nani alionekana kukimiliki na kukisemea. Kwa hiyo meneja wenu naye hajafungiwa nje milele.

Tuje kwa mzee. Msimpe karatasi asome.

Edwin Hollander, mwanasaikolojia wa Marekani, aliandika mwaka 1958 kwamba kiongozi hujiwekea akiba ya imani kwa kuishi kama kundi linavyotaka na kwa kulifaa, na kila anapoleta jambo geni anachota humo. Mzee wako ameweka akiba miaka yote hiyo, na mwaka jana alichota kidogo kwa sharti la jua kuzama. Wakurugenzi wanataka achote yote kwa siku moja, tena kwa jambo ambalo si lake. Na madereva wakigundua kwamba alikuwa mdomo wa ofisi tu, hawatamhukumu kama wanavyomhukumu meneja. Watamhukumu vikali zaidi. José Marques na wenzake walilionyesha hili Ubelgiji mwaka 1988: mtu wa kundi anayekwenda kinyume na kundi huchukiwa kuliko mtu wa nje mwenye kosa lile lile. Mtapoteza mtu mmoja ambaye pande zote mbili zinamsikiliza, na hamtampata mwingine msimu huu.

Kuna jingine ambalo sijaona mkilitaja. Jambo la tatu, safari kugawiwa kwa kompyuta, linamnyang'anya mzee mwenyewe madaraka. Kugawa safari ndiyo kazi iliyompa heshima; yeye ndiye anayejua nani ana ada ya shule inayomsubiri, nani amekaa wiki tatu bila kutoka, nani haelewani na mpishi gani. Mnamwomba atangaze mazishi yake. Hata kama ni muungwana na atakubali, uso wake utasema, na madereva wanausoma uso huo kila siku.

Mahali pake ni mapema zaidi, kabla uamuzi haujafungwa. Mwaka 1948 Lester Coch na John French walitoa taarifa ya kiwanda cha kushona nguo za kulalia cha Harwood, mjini Marion, Virginia. Kazi ilikuwa ikibadilishwa. Kundi moja liliambiwa tu kilichoamuliwa. Jingine lilichagua wawakilishi wakashiriki kupanga. Mengine mawili yalishirikishwa watu wote. Walioambiwa tu, uzalishaji wao ulishuka ukabaki chini, manung'uniko yakazidi na baadhi wakaacha kazi katika wiki za mwanzo. Walioshirikishwa wote walirudi haraka kwenye kiwango chao wakakipita. Jaribio hilo liliporudiwa Norway halikutoa matokeo makubwa hivyo, na moja ya sababu zilizotolewa ni kwamba wafanyakazi wa kule hawakuona ushiriki ule kuwa haki yao, kwa kuwa walizoea kuzungumza na mwajiri kupitia chama chao cha wafanyakazi. Hilo lizingatie: kama kwenu kuna tawi la chama, usiunde kamati ya pembeni kana kwamba tawi halipo.

Basi mwite mzee, na madereva watatu wanaochaguliwa na wenzao, siyo na wewe, mkae na meneja juu ya mambo yanayoweza kubadilika kweli. Makato ya kutoa posho yalipwe na kampuni, na kiasi hicho kiongezwe juu ya posho kabla haijatumwa. Posho iingie siku moja kabla ya safari. Kuwe na fedha taslimu kidogo ya dharura kwa gari linaloharibika mahali pasipo na wakala. Haya ni madogo na yana gharama ndogo, lakini yakitoka kwenye kikao hicho, tangazo litakuwa na alama za vidole vya madereva, na mzee atakuwa na kitu cha kusema ambacho anakiamini.

Na meneja? Huyu ana kazi ngumu zaidi, ila tafiti zina habari njema kwake. Barbara na Daan van Knippenberg walionyesha mwaka 2005 kwamba kiongozi kujinyima kwa ajili ya kundi kuna nguvu zaidi pale ambapo kiongozi huyo haonekani kuwa mtu wa kundi. Mzee hahitaji kujinyima ili aaminiwe, meneja anahitaji. Kwa hiyo kifaa cha kwanza kifungwe kwenye gari analotumia meneja, cha pili kwenye magari ya wakurugenzi, na mahali yalipo yaonekane kwenye kompyuta ile ile ya gereji. Posho yake ya safari ilipwe kwa simu mwezi mmoja kabla ya ya madereva, na ikichelewa, ichelewe kwake kwanza. Mji wenu unapaswa kulielewa hili kuliko mji mwingine wowote: Azimio la mwaka 1967 liliweka masharti kwamba kiongozi asiwe na hisa kwenye makampuni, asiwe na mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Mtu anaweza kubishana jioni nzima kuhusu uchumi wa Azimio, lakini walioandika masharti yale walijua kwamba anayewataka watu wabebe mzigo hutazamwa mgongoni kwanza.

Aende pia porini, sasa hivi wakati wa masika, na asiende kama mgeni. Akae kiti cha mbele kushoto, alale wanakolala madereva na siyo lodji, asaidie kusukuma. Asivae shati la kaki la kampuni apige picha. Watu wanamjua anayejifanya. Akiwa huko aulize maswali ya mahesabu, ambayo ndiyo fani yake. Nina hakika atakuta mahali posho haitoshi, na akirudi akairekebisha kabla hajaomba lolote, hilo litasimuliwa gereji bila wewe kuitisha mkutano.

Sasa kinachosemwa, maana sikutaka uondoke ukidhani hakina kazi. Sharti la jua kuzama lilipita kwa sababu ya mzee, na pia kwa sababu lililinda kitu ambacho madereva wanajivunia: wao ndio wanaowarudisha wageni salama. Liliwafanya wawe zaidi ya vile walivyo. Kifaa cha kufuatilia gari, kwa jinsi kilivyotangazwa, kimewaambia wanadhaniwa wezi wa mafuta. Utafiti wa Merlijn Venus, Daan Stam na van Knippenberg uliochapishwa mwaka 2019 unasema watu huunga mkono mabadiliko zaidi pale kiongozi anapoonyesha kwamba kile kinachoifanya taasisi iwe yenyewe kitaendelea kuwepo, na hasa pale wasiwasi unapokuwa mkubwa. Wengi wetu tunafanya kinyume: tunatangaza kwamba kila kitu ni kipya, tukidhani upya ndio unaovutia. Kwa dereva, upya wa kila kitu ni kuambiwa kwamba alivyokuwa jana havikufaa.

Lakini msipambe. Kama kifaa kitasaidia kulipata gari lililokwama kabla ya giza, semeni hivyo, maana kinaendana na sharti la mzee na madereva wataona uhusiano wenyewe. Kama wakurugenzi wanataka pia kuona mafuta yanakwenda wapi, semeni na hilo, kisha mwandike nani anaruhusiwa kuangalia, na kwamba hakuna atakayeadhibiwa kwa alama ya kwenye ramani kabla hajasikilizwa. Mkificha, wataligundua ndani ya wiki mbili.

Jambo la tatu mimi ningelisogeza mpaka Novemba, msimu mkubwa ukiisha. Hapa nadhani madereva wana hoja, na huenda na wewe unaiona maana umesema "mawili" siyo matatu. Safari ndiyo tipu, na tipu kwa madereva wengi ni kubwa kuliko posho. Kompyuta itagawa kwa kanuni gani? Kwa zamu? Kwa lugha anazozungumza dereva? Kwa alama za wageni? Hizo ni kanuni ambazo mtu ataziandika, na aliyeziandika ndiye atakayekuwa mkuu wa madereva mpya hata kama hana leseni. Kwa sasa bandikeni tu kwenye ubao wa gereji orodha ya nani amekwenda wapi, kila wiki, mzee akiendelea kugawa. Ikiwa anapendelea, itaonekana. Ikiwa hapendelei, mtakuwa na kanuni zake za kuanzia. Na kama mpango wa kompyuta utafuta nafasi ya mtu yeyote, kumbuka kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 38, inawataka mtoe taarifa na kushauriana kabla ya kupunguza watu. Hilo halisubiri Novemba.

Uzuri wa mzee kusikilizwa una upande wake mbaya pia, na ni wajibu wako kuuangalia. Kundi linalomwamini mtu wake halikagui sana anacholeta. Angeweza kupitisha jambo bovu kwa urahisi ule ule aliopitisha jambo jema. Mkiona tangazo limepita bila swali hata moja, ulizeni nyinyi.

Duluti sasa. Sipingi. Ila siku ya michezo yenye fulana moja na wimbo wa "sisi sote familia moja" inaweza kuwaudhi watu mliotaka kuwaunganisha. Matthew Hornsey na Hogg walionyesha mwaka 2000 kwamba watu wakibanwa waache kundi lao dogo na kujiita kundi moja kubwa, hulikumbatia lile dogo kwa nguvu zaidi. Wakiachiwa la kwao likaheshimiwa ndani ya kubwa, mvutano hupungua. Kwa hiyo gereji wacheze kama gereji, ofisi kama ofisi, madereva kama madereva, na meneja apangwe timu ya ofisi asijipenyeze kwingine. Nendeni baada ya posho ya kwanza kuingia kamili bila makato, siyo kabla. Na wapishi wa kambi wasipewe kazi ya kupika siku hiyo. Nyama choma agizeni kwa mtu wa nje.